Lugha Ndugu, Lugha Jirani

Watu wengi huamini kwamba lugha mbili zikiwa ndugu, wenye lugha hizo wataelewana, na zisipokuwa ndugu hawataelewana kamwe. Nimelelewa katika kambi ya wachuma chai Kericho, na sasa ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari Bomet. Katika sehemu zote mbili nimeona kwamba mambo hayaendi hivyo. Udugu wa lugha upo, na una faida kubwa, lakini hauwafanyii watu kazi ya kusikilizana. Kazi hiyo huifanya mtu mwenyewe.

Nyumba zetu za kambini zilijengwa kwa safu, ukuta wa mmoja ukiwa ndio ukuta wa jirani yake. Wazazi wangu walitoka Nyamira. Mama alichuma majani na baba alikuwa fektri, upande wa kukaushia. Waliopakana nasi walikuwa Wamaragoli kutoka Vihiga, nyuma yetu Wajaluo wa Nyakach, na ng'ambo ya ua wa shamba waliishi Wakipsigis, wenyeji wa ardhi ile, wenye ng'ombe wao na vishamba vya chai waliyoipeleka kwenye kituo cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo. Kwenye mizani, karani alipoita namba na kilo, kila mtu aliitikia kwa Kiswahili. Jioni, nyuma ya kila mlango, watu walirudi kwenye lugha yao.

Mchanganyiko ule haukuja kwa bahati. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, lakini ni katika miaka ya 1920 ambapo kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilifungua mashamba makubwa Kericho. Chai ya nyanda hizi, zenye mvua karibu mwaka mzima, haina msimu wa kupumzika. Chipukizi na majani yake mawili huwa tayari tena baada ya wiki moja au mbili, na lisipochumwa kwa wakati hukomaa na kuharibu ubora. Mikono ya jirani haikutosha. Vibarua wakatafutwa Kisii, Nyanza na nchi ya Waluhya, wakaja na wake zao, watoto wao na lugha zao.

Kwa sababu hiyo, mtoto wa Kericho na Bomet anaweza kusikia katika eneo dogo mambo ambayo mwanafunzi wa isimu kwingineko huyasoma kwenye chati tu. Lugha za Kiniloti zina matawi matatu, na yote matatu yanakutana hapa. Kijaluo ni cha tawi la magharibi, Kikipsigis cha kusini, na Kimaasai, kinachosikika Bomet inapopakana na Narok, ni cha mashariki. Katikati yao wako Wakisii na Waluhya, wenye lugha za Kibantu kama Kiswahili chenyewe. Lugha zile tatu za Kiniloti ni za ukoo mmoja, ila zilitengana maelfu ya miaka iliyopita. Mjaluo hawezi kumwelewa Mkipsigis kwa kutega sikio tu, wala Mkipsigis hawezi kumwelewa Mmaasai. Ukoo wao unaonekana kwa mtaalamu anayelinganisha mizizi ya maneno, lakini sokoni hauonekani.

Udugu uliokuwa ukionekana, tena kila siku, ni ule wa Kikisii na Kimaragoli. Mama yangu na mama jirani wa Vihiga walichuma katika mistari iliyopakana. Walizungumza tangu asubuhi hadi saa ya kupima, mmoja akisema Kikisii na mwenzake akijibu kwa Kimaragoli, na hakuna aliyeiacha lugha yake. Walipofika kwenye jambo zito, kama ugonjwa wa mtoto au deni la chama, walipunguza mwendo. Kila mmoja alichagua maneno aliyojua yatafika upande wa pili. Neno likikwama, waliligeuza kwa Kiswahili na kuendelea. Sikumsikia hata mmoja akisema kwamba anajua lugha ya mwenzake. Walichokuwa nacho ni lugha mbili zinazokaribiana na nia ya kukutana katikati.

Sisi watoto tulijifunza siri yao bila mwalimu. Palipokuwa na *b* yetu, mara nyingi wao waliweka *v*: sisi tulisema *abanto* na wao *avandu*, sisi *abana* na wao *avana*. Palipokuwa na *nt* yetu, wao walikuwa na *nd*: *omonto* kwetu, *omundu* kwao. Maji yalikuwa *amache* upande huu wa ukuta na *amaze* upande wa pili. Mtoto aliyezoea mageuzi mawili matatu ya namna hiyo hahitaji kufundishwa maneno mia moja. Hulisikia neno geni na kukisia lilikotoka. Wanaisimu huita jambo hili ulinganifu wa sauti, na ndilo wanalolitumia kuthibitisha kwamba lugha fulani zilizaliwa na mama mmoja. Kufanana kwa neno mojamoja hakutoshi, kwa kuwa maneno huazimwa. Kanuni inayojirudia katika neno baada ya neno haiazimwi kwa urahisi.

Ufanano ule ulikuwa na mitego yake pia. Kwa Kikisii, mama huitwa *baba*, na baba huitwa *tata*. Kwa Kimaragoli, kama kwa Kiswahili, baba ni baba. Mtoto wa kwetu aliyesimama mlangoni akilia kwamba anamtaka *baba* alielekezwa na mama jirani aende fektri, ilhali aliyemtaka alikuwa akisonga *obokima* jikoni. Neno lisilofanana na lolote humlazimu mtu aulize, lakini lile linalofanana hupita bila kuulizwa. Ndiyo maana wenye lugha ndugu wanahitaji kusikilizana kwa makini zaidi, hasa pale wanapodhani kila kitu kiko wazi.

Nilipofika chuo kikuu nilikuta kwamba mama zetu walikuwa na ushahidi upande wao. Malcolm Guthrie, katika mpangilio wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948, aliipa kila lugha herufi na namba. Kimaragoli ni E41, Kikisii ni E42, na Kikuria, kinachozungumzwa Kenya na Tanzania, ni E43. Kibukusu, Kiwanga na Kinyore viko katika kundi la E30. Kwa maneno mengine, Mmaragoli anahesabiwa kuwa Mluhya katika sensa, katika siasa na katika moyo wake mwenyewe, lakini lugha yake imepangwa karibu na ya Mkisii kuliko ya Mbukusu ambaye ni Mluhya mwenzake.

Niliposoma hivyo kwa mara ya kwanza nilitaka kusema kwamba sensa imekosea. Kadiri nilivyosoma historia ndivyo nilivyoona kwamba haijakosea. Inapima kitu kingine. Jina la Waluhya kama jina la watu wote wa pande zile lilishika nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, watu waliopakana walipoona faida ya kusimama pamoja mbele ya serikali ya kikoloni. Katika miaka ya 1940 kuliundwa hata kamati ya kutafuta maandishi ya Kiluhya kimoja. Wamaragoli, ambao tayari walikuwa na vitabu kwa lugha yao kutokana na kazi ya misheni ya Friends iliyofunguliwa Kaimosi mwaka 1902, hawakuyakubali maandishi hayo. Hata hivyo walibaki Waluhya. Waliukubali umoja bila kuikana lugha yao, na sioni mgongano wowote hapo.

Kwa majirani zetu Wakipsigis hadithi inafanana. Jina Kalenjin nalo lilishika katika miaka ya 1940, likiwakusanya Wakipsigis, Wanandi, Watugen, Wakeiyo, Wamarakwet, Wapokot na wengineo. Ndani ya jina hilo moja kuna ukaribu na umbali. Kikipsigis na Kinandi vimekaribiana sana, kiasi kwamba wazungumzaji wake huelewana karibu kila kitu na hutambuana kwa lafudhi na maneno machache. Kinandi kiliandikwa mapema. Alfred Claud Hollis alichapisha kitabu kuhusu Wanandi na lugha yao mwaka 1909. Baadaye wenyeji wenyewe wakaichukua kazi hiyo: Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu, alichapisha utafiti wa isimu ya Kikalenjin mwaka 1979. Lakini mwalimu mwenzangu, Mkipsigis wa Bureti, alipopelekwa kufundisha Pokot Magharibi, ilibidi ategemee Kiswahili mpaka sikio lake lilipozoea. Alikuwa miongoni mwa Wakalenjin wenzake, na bado alihitaji kujifunza.

Mfano ulionisaidia kuyaweka mambo haya sawa ulitoka mbali, Ulaya ya mashariki na kati. Lugha za Kislavoni nazo zina matawi matatu, kama zilivyo za Kiniloti. Kiukraini ni cha tawi la mashariki, pamoja na Kirusi na Kibelarusi. Kislovakia ni cha tawi la magharibi, pamoja na Kicheki na Kipolandi. Mtu anayesoma chati ya ukoo peke yake atadhani kwamba Mukraini na Mslovakia wako mbali sana. Lakini nchi zao zimepakana kwenye milima ya Karpati, kwa mpaka usiofika kilomita 100, na matawi ya Kislavoni hayajatengana kwa muda mrefu kama ya Kiniloti. Umri wa kutengana kwake unakadiriwa kuwa karne kumi na kitu, si maelfu kadhaa ya miaka.

Ukisikiliza Kiukraini na Kislovakia utakuta zile kanuni za kambini kwetu kwa sura nyingine. Kichwa kwa Kiukraini ni *holova*, kwa Kislovakia ni *hlava*. Maziwa ni *moloko* kwa Kiukraini na *mlieko* kwa Kislovakia. Pale Mukraini anapoweka irabu pande zote mbili za *l*, Mslovakia huweka moja tu baada yake. Wakati huohuo, lugha hizi mbili za matawi tofauti zinashirikiana katika kutamka *h* mahali ambapo Kirusi na Kipolandi hutamka *g*: Mrusi husema *golova*, Mpolandi *głowa*. Kushukuru kwa Kiukraini ni *dyakuyu*, na kwa Kislovakia ni *ďakujem*. Familia ni *rodyna* kwa mmoja na *rodina* kwa mwingine, ilhali kwa Mrusi, aliye wa tawi moja na Mukraini, *rodina* ni nchi ya kuzaliwa. Ujirani umezisogeza karibu lugha ambazo chati imezitenga. Maandishi nayo yanazitenga tena, kwa kuwa Kiukraini huandikwa kwa herufi za Kisirili na Kislovakia kwa herufi za Kilatini. Wawili wanaoweza kufuatana kwa kiasi wanapozungumza polepole hawawezi kusomeana barua mpaka mmoja ajifunze alfabeti ya mwenzake.

Vita vilipopanuka nchini Ukraine mwezi Februari 2022, watu wengi, hasa wanawake na watoto, walivuka kuingia Slovakia. Nilipofuatilia habari zile niliwaza juu ya akina mama wa Nyamira na Vihiga. Ukaribu wa lugha ungewapa wageni wale mwanzo mzuri, namna ya kuomba maji na kutaja jina. Lakini kueleza maumivu kwa daktari au kusoma mkataba wa nyumba kungetaka mengine zaidi: mwenyeji anayepunguza mwendo, mgeni anayerudia, na muda.

Hapo ndipo ninapofikia mtu aliyenifundisha zaidi kuliko kitabu chochote. Alikuwa mama Mkipsigis aliyetuletea maziwa kambini, na mara nyingine mursik, maziwa ya mgando, katika kibuyu, *sotet*, kilichosafishwa kwa mkaa. Wazazi wangu walimwita Mama wa Maziwa, nasi watoto tukamwita Bibi kwa heshima. Alizungumza Kikisii. Sisemi maneno ya biashara tu. Alijua kumfariji mfiwa, alijua kumkanya mtoto wa mtu bila kumvunjia mzazi heshima, na alijua kuuliza habari za shamba la Nyamira kama mtu aliyezaliwa huko. Alikuwa amejifunza ujanani katika soko la Chebilat, mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii, alikokwenda kuuza.

Lugha yake ya kuzaliwa haina undugu wowote na yetu. Kikipsigis hakina ngeli kama zetu. Kitenzi chake hutangulia katika sentensi, na mtenda hufuata. Mtu mmoja ni *chito* na watu ni *bik*, ilhali kwetu ni *omonto* na *abanto*. Kila kitu alichokisema kwa Kikisii alikuwa amekijenga upya, bila ngazi ya ulinganifu wa sauti ambayo sisi na Wamaragoli tulipanda bila kutokwa jasho. Na bado, ukiniuliza nani kambini, nje ya Wakisii wenyewe, alituelewa vizuri zaidi, nitakujibu kwamba ni yeye. Mama jirani wa Vihiga alitusikia vya kutosha na akatosheka. Mama wa Maziwa hakuwa na cha kumtosheleza, kwa hiyo aliendelea mpaka akafika.

Baadaye nilisoma kwamba hakuwa wa kwanza. Christopher Ehret, katika kitabu chake cha mwaka 1971 juu ya historia ya Waniloti wa kusini, alitumia maneno yaliyoazimwa kuonyesha jinsi watu hao na majirani zao walivyoishi pamoja na kupeana ujuzi kwa karne nyingi. Kila neno lililovuka lilivushwa na mtu aliyekaa karibu na jirani muda wa kutosha kulishika.

Sitaki kulipamba jambo hili kupita kiasi. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, ghasia zilifika kwenye mashamba ya chai na kwenye mpaka wa Sotik na Borabu. Familia nyingi za Kisii ziliondoka kambini, na yetu ilikuwa miongoni mwao. Kujua lugha ya jirani hakukuzuia moto. Wapo waliojuana kwa lugha zote na bado wakageukiana. Lakini katika majuma yale ya hofu, Mama wa Maziwa alimpigia mama yangu simu Nyamira, akazungumza naye kwa Kikisii, akamuuliza habari za kila mtoto kwa jina. Naamini kwamba amani ya pande zile iliporudi, ilirudi kwanza kwa watu wa namna ile, waliokuwa tayari na njia ya kuzungumza bila mkalimani. Baraza la wazee linaweza kutangaza upatanisho. Ili upatanisho huo ukae, mtu lazima aweze kwenda sokoni Chebilat na kuuliza bei bila woga.

Katika darasa langu la Bomet ninakutana na jambo hilihili kwa njia tulivu zaidi. Mwanafunzi wa Kikisii hukuta ngeli za Kiswahili zikifanana na za kwao, na upatanisho wa kisarufi haumshangazi. Mwanafunzi wa Kikipsigis huanza mbali zaidi. Muhula wa kwanza tofauti yao ni kubwa. Kwa wale wanaosoma kwa bidii, tofauti hiyo hupungua na mara nyingine hugeuka. Mwanafunzi wa Kikisii huteleza pale anapojiamini: lugha yake haina *l*, basi *kula* huandikwa *kura*, na sentensi nzima hubadilika. Mwenzake wa Kikipsigis aliishika kanuni kwa uangalifu, kama mtu anayetembea penye utelezi, na kwa sababu hiyo haanguki. Udugu wa lugha humpa mtu mwanzo, lakini haumalizi safari kwa niaba yake.

Nina sababu ya kusema haya sasa. Kambi kama ile iliyonilea zinapungua. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi ya mikono mingi, na hasira juu ya jambo hilo ilionekana wazi Mei 2023, mashine zilipochomwa Kericho. Kuna mengi ya kujadili juu ya ajira, na wengine wanayajadili kwa ujuzi kuliko mimi. Lililo la kwangu ni kwamba kambi zikiondoka, inaondoka pia ile shule isiyo na ada ambamo watoto wa lugha nne tano walicheza pamoja. Mtoto wa leo anaweza kukua Kericho akisikiliza redio ya lugha ya kwao peke yake, Chamgei FM, Egesa FM au Mulembe FM, na asijue hata salamu ya jirani yake. Stesheni hizo zinafanya kazi njema ya kuzihifadhi lugha. Lakini haziwezi kumfundisha mtoto kumsikiliza asiyezungumza kama yeye.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za wananchi. Wengi wetu tumesoma sehemu ya pili kana kwamba inamtaka kila mmoja alinde ya kwake. Mimi naisoma kama wajibu wa kuzijua na za wengine. Darasani ninawapa wanafunzi kazi rahisi: kila mmoja aandike maneno ishirini ya nyumbani kwa lugha yake, kisha akae na mwenzake wa lugha nyingine walinganishe. Wakisii na Waluhya hugundua *b* na *v*. Wakipsigis na Wanandi hucheka kwa kuona jinsi walivyo karibu. Mkipsigis na Mkisii hukuta karibu hakuna kinacholingana, na hao ndio ninaowaambia waendelee muda mrefu zaidi, kwa sababu wana mengi zaidi ya kupeana.

Kazi hiyo haihitaji fedha wala vitabu vipya. Shule yoyote ya Kericho, Bomet, Nyamira au Sondu inaweza kuianza wiki ijayo. Kwa wanaoandika mitaala na kwa wazazi wenzangu nasema hivi: tusimwache mtoto aamini kwamba amezaliwa akiwaelewa baadhi ya watu na kutowaelewa wengine. Ukoo wa lugha tumeurithi bila kuuchagua, na kumwelewa jirani ni jambo tunaloweza kufundishana.